Mizinga Tisa ya Nyamizi

Tulipomzika mume wangu Mihayo, mwezi uliopita, katekista alisimama kando ya kaburi akaeleza sifa zake, na mojawapo ilikuwa kwamba marehemu hakuwa mtu wa tamaa. Kwamba hata asali, ambayo huku kwetu Masumbwe haikosekani nyumbani, hakuionja tangu ujana wake. Watu walitabasamu. Wajukuu waliangaliana, maana kila mmoja alikumbuka jinsi babu alivyokisukuma kando kikombe cha chai akisikia tu kwamba kimetiwa asali. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wajane wenzangu, nikatazama chini. Yule katekista ni kijana, alisema alichoambiwa, hana kosa. Lakini Mihayo hakuacha asali kwa sababu ya kiasi. Aliiacha katika mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya mama yake. Sasa yeye amelala, na wote waliokuwapo wakati ule wamelala, na nimebaki peke yangu ninayeijua sababu.

Niliingia katika nyumba hiyo nikiwa msichana wa miaka kama kumi na minane, mavuno ya mtama yakiwa yamekwisha, katika miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala. Nilitoka upande wa Shinyanga, kwenye ng'ombe na mbuga za wazi ambako mtu anaonekana tangu mbali, nikaletwa kwenye msitu wa miombo ambako ng'ombe walikuwa wachache kwa ajili ya mbung'o. Mihayo alikaa nami siku kumi na mbili, kisha akarudi Geita kwenye mgodi wa dhahabu, alikokuwa na kazi ya chini ya ardhi. Aliniacha na mama yake, mjane aliyeitwa Nyamizi, mwanamke mwembamba, mrefu, asiye na maneno mengi. Nilimwita mayu, yaani mama, kama tunavyoitana Wasukuma. Yeye alikuwa Msumbwa, lakini alilipokea neno hilo vizuri. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wa udongo uliovitenganisha haukufika juu, ukaacha pengo chini ya paa la nyasi, kwa hiyo lililosemwa huku lilisikika kule. Chumba changu kilikuwa kile cha vyungu. Nililala nikizungukwa na vyungu vya asali vilivyozibwa kwa nta na majani, na harufu yake ilikuwa nzito, tamu, yenye moshi ndani yake, ikaingia kwenye nguo zangu na nywele zangu. Wiki za kwanza ilinipa kichefuchefu. Baadaye nilipokwenda kwetu kusalimia nilishindwa kupata usingizi kwa kuikosa.

Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, mara nyingine karanga zilizopondwa na majani ya kunde, na baada ya kula mayu alinikatia kipande cha sega nitafune. Nta nilitakiwa niiteme kwenye kibuyu kidogo kilichokaa karibu na mafiga, maana nta haikutupwa. Akinyamaza mimi nami nilinyamaza. Nilidhani hanipendi. Kisimani wanawake walikuwa na maneno yao, nao hawakuyashusha sauti nilipofika: kwamba mke wa marehemu amekaidi, amerithi mizinga badala ya kurithiwa yeye mwenyewe, kwamba mwanamke anayelina asali hukausha matumbo ya wakwe zake. "Wewe mgeni," mmoja aliniambia akinitwisha mtungi, "uangalie usipewe mkebe wa moshi. Ukishaushika, mtoto hutamwona." Nilimweleza mayu maneno hayo, nikidhani atakasirika. Alicheka kwa pua. "Mimi nimezaa watano nikimshikia mume wangu mkebe huo. Kesho utaamka mapema."

Mizinga ilikuwa tisa, ya magogo yaliyochongwa ndani, kila mmoja na vifuniko viwili. Mumewe alikuwa ameitundika juu mitini kama wanaume wote wafanyavyo, lakini alipofariki mayu hakuweza kupanda, akaomba ishushwe, akailaza juu ya panda za miti, usawa wa kifua, mitano nyuma ya nyumba na minne ng'ambo ya kijito. Chini ya kila nguzo alimwaga majivu ili siafu wasipande. Wanaume walimcheka, wakisema nyuki wa chini ni nyuki wa wagonjwa. Na kweli, mizinga iliyo chini, katika kivuli na unyevu, ilipata tabu ambazo ya juu haikuzipata sana. Tabu kubwa ilikuwa chawa wa nyuki.

Nilipowaona mara ya kwanza sikujua ninachokitazama. Asubuhi ile umande ulikuwa bado haujakauka na nyuki walikuwa wazito kwa baridi. Tulijifunga shuka hadi machoni. Mayu alifungua kifuniko cha nyuma, akapuliza moshi kidogo, akakata sega la mwisho akanionyesha. Juu ya vifuniko vya nta palikuwa na mistari myembamba, myeupe, iliyopindapinda kama njia za mchwa ukutani. "Hapo watoto wao wanapita chini kwa chini," alisema. "Na wakubwa ni hawa." Akamwinua nyuki mmoja kwa ncha ya unyasi. Mgongoni mwake kulikuwa na kidoa chekundu, kidogo kama kichwa cha sindano, nacho kikatembea. Halafu akatafuta muda mrefu, bila haraka, akizungumza na nyuki kwa sauti ya chini, mpaka akampata malkia. Nilimhurumia. Alikuwa amebeba chawa saba au wanane, wamemng'ang'ania shingoni, na mmoja alikuwa ameshuka hadi mdomoni kwake anakula kile anacholishwa. Mayu alichovya unyasi kwenye asali, akawa anawagusa mmoja mmoja, nao wanaganda, anawatupa kwenye kaa la moto. Ilimchukua muda ambao mimi ningepalilia tuta zima. Nyuki walimuuma mara nne mkononi, asiutikise.

Hiyo ilikuwa kazi ya malkia. Kwa kundi zima alikuwa na njia nyingine. Alichukua ungo mpana, akaupaka samli, akausukuma polepole chini ya masega hadi katikati ya mzinga, kisha akapuliza moshi wa tumbaku, si mwingi, pumzi kumi au kumi na mbili, akafunga kifuniko. Moshi ule uliwalevya chawa kabla ya kuwalevya nyuki. Waliachia, wakaanguka, wakanasa kwenye samli. Tulihesabu pumzi zetu, tukautoa ungo, tukaupitisha motoni. Baada ya siku nane tukarudia. Masega yenye mistari tuliyakata na kuyayeyusha siku hiyo hiyo, tusiyaweke ndani hata usiku mmoja, maana watoto wa chawa wangetoka. Masega meusi ya zamani tuliyaondoa yote, nyuki wajenge mapya. Kundi dhaifu tuliliunganisha na lenye nguvu. Mzinga uliokaa kivulini tuliuhamishia penye jua.

"Mayu," nilimuuliza siku moja tukiwa tumekaa kwenye magogo tunachomoa miiba mikononi, "lini watakwisha?"

"Hawaishi."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunawapunguza. Ukitaka kuwamaliza, utawamaliza na nyuki. Wewe unawapunguza mpaka nyuki mwenyewe aweze, halafu unamwachia." Akanyonya mwiba, akautema. "Ukichoka, sema. Sitakasirika. Ila usiniambie umefanya kama hujafanya."

Ninayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu wakati ule sikuyapa uzito. Nilidhani anazungumzia chawa tu. Nilikuwa na furaha miezi ile, nakiri. Sikuwa na mume karibu wala mtoto, lakini nilikuwa na kitu ninachokijua kuliko wanawake wa kisimani, na mayu alianza kuniita nione kabla hajagusa, akisema, "Kabula, wewe una macho mapya, huyu mnamwonaje huko kwenu Shinyanga?" Ulikuwa utani. Ndio utani pekee niliowahi kuusikia kwake.

Mihayo alirudi mvua kubwa zikiwa zimeanza. Alikuja na sanduku la bati, viatu, koti, na kikohozi kikavu kilichomfanya ainuke kitandani na kukaa. Alisema kazi ya chini ya ardhi basi. Atalima tumbaku, atafuga nyuki kama marehemu baba yake, ila si kwa mtindo wa kubembeleza. Alipomkuta mama yake na mimi tumeinamia mzinga tunamtoa malkia chawa, alisimama mbali kwa sababu ya nyuki akatuangalia, nami nikaona aibu usoni pake, aibu ya mwanamume ambaye majirani wameona mama na mke wake wakifanya kazi ya wanaume kwa mikono ya kutafutia chawa watoto. Jioni ile nilipokuwa nasonga ugali niliwasikia upande wa pili wa ukuta.

"Mama, kule mgodini wana dawa kwa kila kitu. Kunguni, panya, mchwa. Wanapuliza mara moja tu, kwisha."

"Na wanaolala humo?"

"Wanalala vizuri."

"Wewe unakohoa."

"Hilo ni vumbi la mawe, mama, si dawa." Nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. "Njiani nimelala kwa rafiki yangu anayelinda josho. Ng'ombe anaingia na kupe, anatoka hana. Amenipa chupa. Kupe na chawa ni ndugu."

"Ng'ombe anaoshwa ngozi," mayu alisema. "Nyuki analala humo, anakula humo, anazaa humo. Na sisi tunakula kutoka humo humo. Chupa hiyo ukaizike."

Hakuizika. Aliiweka juu ya kenchi, chumbani kwetu, juu ya vyungu. Ilikuwa chupa ya kahawia, kizibo chake kimefungwa kwa kitambaa, na nilikuwa naitazama kila nikilala.

Mwezi wa nne mayu alikwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, akakaa huko wiki mbili. Tambiko la baba mkwe lilikuwa limepangwa, ndugu wameshaalikwa, na asali ya kupikia wanzuki, pombe yetu ya asali, ilikuwa ivunwe akirudi. Siku ya tatu tangu aondoke, Mihayo aliishusha ile chupa. Mimi ndiye niliyeshika ndoo. Nilimwambia, "Mama alikataa." Aliniambia, "Mama amezeeka. Akirudi akute mizinga safi, atafurahi." Nilitaka kuamini hivyo. Alichanganya ile dawa na maji, akafunga kitambaa kwenye kijiti, akapaka ndani ya mizinga mitano ya nyuma ya nyumba, kuta, vifuniko, hata masega ya mwisho aliyarashia. Ile minne ya ng'ambo ya kijito haikupata, maana chupa iliisha. Jioni yake aliniita nione. Chini ya mlango wa mzinga chawa walikuwa wamelala wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwenye ungo. Mihayo alicheka, akanishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwona akicheka bila kukohoa.

Siku mbili baadaye nyuki walianza kutoka kwa miguu. Sijui nieleze vipi. Walitoka wakitembea, wakapanda kwenye ukingo, wakaanguka chini, wakawa wanazunguka mahali pamoja. Asubuhi iliyofuata walikuwa wamerundikana chini ya mizinga, ukiwakanyaga wanalia kama maganda ya karanga. Mizinga yote mitano ilikuwa kimya. Ukiwa umezoea ile sauti nyuma ya nyumba, ukaamka siku moja haipo, unadhani masikio yamekufa. Kuku walikuja wakala wale nyuki. Kufikia saa sita kuku wanne walikuwa wamelala ubavu, na jogoo alikuwa anatapika povu.

Mihayo alichimba shimo akazika kuku na nyuki pamoja. Alipomaliza alikaa chini mbele ya mlango, akaniambia bila kuniangalia, "Kuku wamekufa kwa kideri. Nyuki wamehama, siafu waliwaingilia. Umesikia, Kabula?" Nikasema nimesikia. Kisha alifanya jambo ambalo alinieleza kuwa ni la busara: alivuna asali ya ile mizinga iliyokufa. Alisema dawa ilipakwa kwenye magogo, asali imefunikwa kwa nta, haijaguswa; na mama akikosa asali ya tambiko ataaibika mbele ya ukoo. Aliichuja kwa kitambaa, akajaza chungu kizima, akakiziba. Mimi nilikiosha kile chungu kabla hajakijaza. Hakuilamba, wala mimi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini halambi.

Nimeishi na mtu huyo miaka zaidi ya arobaini, nikamzalia watoto sita, na nasema kwa haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekosea, kisha akaogopa, kisha kila alilolifanya kwa hofu likawa baya kuliko kosa lenyewe. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuwa amefundishwa, mimi nilikuwa nimefundishwa.

Mayu aliporudi hakuketi. Alitua mzigo, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akafungua mzinga baada ya mzinga. Nilisimama nyuma yake. Alivunja kipande cha sega kilichobaki, akakipasua kwa kidole. Ndani ya vyumba watoto wa nyuki walikuwa wamekufa, weupe, wameanza kuwa kijivu. "Siafu hawaachi watoto," alisema. "Siafu huanza na watoto." Aliangalia uani. "Kuku wako wapi?"

"Kideri, mayu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa kama yale aliyonitazamia siku ya kwanza alipotaka kujua kama nitaushika mkebe wa moshi au nitakimbia. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani.

Wanzuki aliipika mwenyewe. Alikwenda ng'ambo ya kijito akavuna kidogo kwenye ile mizinga minne, lakini nyuki huko walikuwa na asali changa, haikutosha hata kibuyu. Mihayo akamletea kile chungu. "Nilivuna kabla hawajahama, mama." Mayu alikifungua, akanusa, akakifunga. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Nilijiambia kwamba ikiwa ataionja nitapiga kelele. Hakuionja. Aliimimina yote kwenye mtungi mkubwa wa pombe, akatia maji, chachu na mizizi yake ya kuipa ukali, akaufunika. Kwa siku tano mtungi ule ulichemka kwa sauti ndogo karibu na mafiga, nami nikapika ugali pembeni yake, nikala pembeni yake, nikafagia kuuzunguka. Kila siku nilisema kesho. Mihayo alikuwa anaondoka alfajiri kwenda shambani akarudi jioni, hakuugeukia kamwe.

Siku ya tambiko watu walijaa uani tangu asubuhi. Aliyekuwa mkubwa wao ni Mzee Kasanda, mdogo wa marehemu baba mkwe, mtu mnene mwenye sauti kavu, ambaye hakuwahi kumsamehe mayu kwa kukataa kurithiwa. Mtungi ulitolewa ukawekwa katikati. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina kitu kibaya. Mayu alichota kibuyu, akapiga magoti. Kabla hajakiinua, alinitazama. Kisha akamtazama Mihayo. Hakuwa na haraka. Watu wote walikuwa wanamngoja, naye alikuwa anatungoja sisi wawili. Mpaka leo ninajiuliza kama alikuwa anajua, au anashuku tu, au alikuwa na tumaini kwamba anashuku bure. Neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo, nikamwona Mzee Kasanda, nikaona majirani wa kisimani, nikaufunga. Mihayo alikuwa anatazama viatu vyake.

Akanywa kibuyu chote. Akajifuta, akafunika mtungi. "Wageni wangu, mnisamehe," alisema. "Bado haijatulia. Haitanyweka mpaka jua lipinduke."

Mzee Kasanda alinung'unika. "Shemeji, tumetoka mbali na koo kavu."

"Nimesema mpaka jua lipinduke," alisema mayu, akaketi juu ya kigoda mbele ya mtungi, mgongo umenyooka, mikono magotini. Walikula nyama, wakaimba. Yeye aliketi. Jua lilikuwa halijafika utosini alipoanza kutapika.

Sitaeleza yote. Alitapika mpaka maji matupu, tumbo likamkata, miguu ikakakamaa tukawa tunainyoosha kwa nguvu. Wageni walikuwa wamesimama, kila mmoja amejitenga na mtungi. Mihayo aliupiga teke ukapasuka, pombe ikaingia mchangani. Mzee Kasanda hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa ile sauti yake kavu, "Nani mwingine amegusa mtungi huu?" Na watu wote wakanigeukia mimi, mgeni kutoka Shinyanga, niliyekaa mwaka mzima bila mimba, niliyeshika mkebe wa moshi. Nilisikia neno likitembea uani, neno mchawi, likisemwa na mwanamke yule yule aliyekuwa akinitwisha mtungi kisimani. Wengine wanaouliwa kwa neno hilo huwa hawapelekwi popote, hufuatwa shambani. Nilimtafuta Mihayo kwa macho. Alikuwa amemshika mama yake kichwa, na hakuinua uso.

Tulimwingiza ndani. Mihayo alisema atamfunga kwenye machela ampeleke zahanati ya misheni, atapata watu wa kubeba. Mayu alimshika mkono. "Ukanipeleke, ukaseme nini?" Mihayo alitoka nje, nikamsikia nyuma ya nyumba analia kama mtu anayekohoa. Tulibaki wawili. Kisha akaniuliza, sauti ikiwa imebaki kidogo tu, "Kabula. Ulijua?"

Niliweza kusema sikujua. Angekufa akiniamini, au akijifanya kuniamini. Nilisema, "Nilijua, mayu."

Akageuzia uso wake ukutani. Hakuniambia neno tena mpaka alipokata roho. Nilimpa maji, aliyanywa. Nilimfuta, aliniachia. Lakini hakunitazama, na hakuniita jina.

Kesho yake, Mzee Kasanda alipokuwa ameshatuma mtu kwa mganga aje kumtaja mwenye kosa, mayu aliomba wazee waingizwe. Niliketi chumba cha pili, kwenye vyungu, na ukuta ule haukunificha kitu. "Msimsumbue mganga," alisema. Alikuwa anapumzika kila baada ya maneno mawili. "Ni mimi. Nilichimba mizizi jioni, macho yangu si mazuri. Nilikosea mzizi. Nilijua nilipoonja. Ndiyo maana niliwazuia."

"Una hakika, shemeji?" aliuliza Mzee Kasanda. "Yule binti?"

"Yule mtoto hajui hata mzizi wa mti wa mwegea. Nilikosea mzizi. Mseme hivyo hivyo."

Walisema hivyo hivyo. Alifariki siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tukamzika kando ya mumewe. Mganga hakuja. Mimi sikufuatwa shambani. Mihayo alichoma ile mizinga mitano, akachimba mahali pombe ilipomwagika akautupa mchanga wake mbali. Baada ya wiki tatu nilivuka kijito alfajiri na ungo, samli, tumbaku na moto, nikafungua mzinga wa kwanza. Malkia alikuwa na chawa wanne. Niliwatoa kwa unyasi, mmoja mmoja, na nilipoumwa sikuutikisa mkono. Nimeifanya kazi hiyo tangu wakati huo. Chawa hawajaisha, na nyuki wapo.

Mimi na Mihayo tulilizungumzia jambo hili mara moja tu. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Alikuwa anachonga mzinga kwa ajili yangu, kazi aliyoifanya kila mwaka ingawa hakuwakaribia nyuki tena, na bila kusimamisha tezo aliniuliza, "Mama alijua?" Nikamwambia alijua, na kwamba aliniuliza nami nikamjibu. Alichonga mpaka jioni. Hakuniuliza alisema nini.

Lakini kuna jambo ambalo hatukulizungumza hata mara moja, nalo ndilo lililonifanya niombe karatasi baada ya msiba. Nyamizi alikuwa mpishi wa wanzuki aliyetafutwa na vijiji vitano. Alijua kila mzizi wa msitu huu kwa jani, kwa ganda na kwa harufu, hata gizani. Tangu afe, wanawake wa Masumbwe wakimfundisha binti kupika pombe humwambia, "Angalia mizizi yako, usije ukawa Nyamizi." Nimelisikia neno hilo kwenye harusi na kwenye misiba. Nimelisikia likisemwa na binti zangu mwenyewe, wajukuu zake, wakicheka jikoni kwangu, nami nikiwa pale nachambua mboga, nikanyamaza, kwa sababu baba yao alikuwa hai na kwa sababu nilikuwa hai mimi. Sasa nimewaita watoto wangu wote sita, nimewasomea haya, na mkubwa wao ametoka nje hajarudi. Atakaporudi nitamsomea tena. Nyamizi hakukosea mzizi.